Kadi kubwa kwenye kasha la ofisi: nianzie wapi?

Msomaji ameuliza hivi:

"Shikamoo fundi. Nina kompyuta ya mezani niliyoinunua ikiwa imetoka ofisini: Core i5-6500, kijiti kimoja cha RAM cha GB 8 aina ya DDR4, diski ya kuzunguka ya TB 1, kasha lile jembamba, kadi ya michoro haina. Nahariri video za sherehe, nyingi zimepigwa kwa simu kwa 4K, na usiku nacheza gemu kidogo. Video zinakatakata hadi nachoka. Rafiki yangu anasema ninunue kadi kubwa ya michoro kwanza, mengine yatafuata. Mwingine anasema niuze yote nijenge upya. Pesa yangu ni ya wastani na siipati yote kwa mkupuo. Nianzie wapi?"

Marahaba. Rafiki yako wa kwanza anakutakia mema, ila hajaifungua hiyo kompyuta. Mimi kabla ya kukushauri utoe pesa nitakuomba utoe bisibisi.

Zima, chomoa waya ukutani, fungua ubavu, kisha tafuta lile boksi la chuma ambalo waya wa umeme unaingilia. Hiyo ndiyo pawa saplai. Ubavuni ina karatasi yenye jedwali. Wati zilizoandikwa kwa maandishi makubwa ziache kwanza. Tazama safu ya +12V, maana prosesa na kadi ya michoro vyote vinakula hapo. Zidisha ampea kwa 12. Ukikuta 16A, una wati 192 za kazi, basi. Prosesa yako imepimwa wati 65. Kadi ya daraja la kati, mathalani RTX 3060, peke yake inataka 170. Jumlisha mwenyewe, na hapo hujahesabu diski, feni na ubao mama.

Halafu fuata waya zinazotoka humo hadi kwenye ubao mama. Kompyuta ya kujengwa hutumia kiunganishi kirefu cha pini 24 ambacho kila mtengenezaji wa pawa saplai anakifuata. Mashine nyingi za ofisi hazinacho. Zina kiunganishi kifupi ambacho kiwanda kilijibunia chenyewe, kwa hiyo huwezi kununua pawa saplai yoyote ukaichomeka. Kasha jembamba nalo hupokea kadi za nusu kimo tu. Kadi kubwa haiingii, na hata ingeingia isingekuwa na pa kunyonya umeme. Ushauri wa rafiki wa kwanza umeishia hapo.

Wa pili naye amekimbia mbele ya pesa zako. Umesema mwenyewe pesa inakuja kidogo kidogo. Mtu wa namna hiyo akiuza alichonacho hukaa miezi bila kompyuta, na wateja hawasubiri. Utaratibu wangu kwa mtu kama wewe ni mmoja: kila kipande unachonunua leo kiwe tayari ni kipande cha mashine ijayo. Kisichoweza kuhama usikinunue, hata kikiwa cha bei ya kutupa.

Sasa tujue panapokwama. Fungua mradi mmoja wa video ule unaokusumbua, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye ukurasa wa utendaji, kisha cheza video huku ukitazama zile grafu. Nadhani utaona diski imepanda hadi asilimia 100 na kuganda huko, na RAM imejaa pomoni. Prosesa itakuwa inapanda na kushuka. Inashuka pale inapokaa bure kuisubiri diski.

Diski ya kuzunguka si ya kuonea haya katika kuhifadhi, ila kwa kazi hii haifai. Sahani yake ikizunguka mara 7200 kwa dakika, mzunguko mmoja unachukua milisekunde 8.3. Kwa wastani data unayoitaka iko nusu mzunguko mbali, na kabla ya hapo kichwa cha kusomea lazima kisogee hadi kwenye mstari wake, milisekunde nyingine 8 au 9. Ukihesabu hivyo, inajibu maombi yasiyofika 100 kwa sekunde. SSD yoyote ya kawaida, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, inajibu makumi ya maelfu. Na RAM ikijaa, Windows huanza kuhamishia mzigo kwenye diski hiyohiyo iliyochoka, basi mambo yote yanasimama.

Lakini kuna tatizo la pili ambalo watu wengi hawalijui, nalo linahusu hizo simu. Simu nyingi za sasa zinarekodi 4K kwa kodeki (namna ya kubana video) iitwayo HEVC, na zile zinazorekodi kwa HDR, yaani picha yenye mwanga na rangi pana zaidi, huandika rangi kwa biti 10. iPhone zinafanya hivyo tangu iPhone 12 ya mwaka 2020. Prosesa yako ni ya mwaka 2015. Ndani yake kuna sehemu maalumu ya kufungua video, na sehemu hiyo inaifahamu HEVC ya biti 8. Ya biti 10 haiimudu yenyewe kikamilifu; uwezo huo Intel iliuweka kizazi kilichofuata, cha 7. Kwa hiyo viini vinne vya prosesa yako vinaifungua kila picha kwa nguvu ya mikono, picha 30 au 60 kila sekunde. Hapo hata SSD ya bei mbaya haitakuokoa.

Dawa ya hili haina gharama, na ningependa uianze leo usiku. Karibu kila programu ya kuhariri inaweza kukutengenezea nakala nyepesi za video, za 720p kwa mfano, katika kodeki ambayo kompyuta haihangaiki nayo. Unakata na kupanga ukitumia hizo nakala. Ukifika wakati wa kutoa kazi ya mwisho, programu inarudi yenyewe kwenye 4K halisi. Iache itengeneze nakala ukiwa umelala. Nimeona watu wakijenga mashine mpya nzima kwa ajili ya tatizo ambalo kitufe kimoja kingelimaliza. Upande mwingine, kwenye simu yenyewe zima HDR kwenye mipangilio ya kamera kwa kazi ambazo mteja hataizingatia. Wengi hawataizingatia.

Hatua ya kwanza ya kununua ni SSD. Chungulia ubao mama uone kama una nafasi ya M.2, ule mpenyo mdogo uliolala, wenye tundu la skrubu sentimita 8 kutoka hapo. Ukiwepo na maelezo ya mashine yakasema unapokea NVMe, SSD za kasi zaidi zinazokaa humo, nunua NVMe ya ukubwa wa 2280, yaani milimita 22 kwa 80. Usipokuwepo, nunua SSD ya SATA ya inchi 2.5. SATA inaishia kama megabaiti 550 kwa sekunde na NVMe ya PCIe 3.0 inafika 3500, lakini tofauti utakayoihisi kweli ni ile ya kuhama kutoka diski ya kuzunguka kwenda SSD yoyote. Kati ya SSD mbili hizo tofauti ni ndogo kuliko namba zinavyojigamba. Zote mbili zitahamia mashine ijayo. Jihadhari kidogo na SSD za QLC (zinazobana biti nne kwenye kila chembe ya memori) za bei ya chini sana: zinaandika haraka mpaka akiba yake ya haraka ijae, kisha baadhi hushuka hadi mwendo wa diski ya kuzunguka. Anayenakili video za saa sita kwa mkupuo anafika huko. TB 1 inakutosha. Diski yako ya zamani ibaki ya kuhifadhia kazi zilizokwisha.

Halafu RAM, na hapa usifanye haraka. Wengi watakuambia uongeze kijiti kingine cha GB 8 vifanane. Mimi ningenunua kijiti kimoja cha GB 16, DDR4-3200. Kwenye ubao ulionao kitakwenda kwa mwendo wa 2133 tu, lakini utakuwa na GB 24, na Intel ina utaratibu wa kuoanisha vijiti visivyolingana: GB 8 za hiki na GB 8 za kile zinafanya kazi kwa chaneli mbili, yaani njia mbili za data kwa pamoja, zilizobaki kwa chaneli moja. Chaneli moja ya 2133 inapitisha kama GB 17 kwa sekunde, mbili zinapitisha 34, na kwa kuwa michoro yako inaazima RAM hiyohiyo, utaona nafuu hata kwenye gemu. Siku ya mashine mpya unanunua ndugu yake wa GB 16, una 32 zinazolingana, na cha GB 8 unampa mwenye shida. Kabla ya kununua hakikisha kwenye maelezo ya mashine kwamba ubao unapokea kijiti cha GB 16, na kwamba vijiti vyako ni virefu vya kompyuta ya mezani. Baadhi ya mashine ndogo kabisa za ofisi hutumia vile vifupi vya kompyuta mpakato, na hivyo haviendi kwenye ubao wa kawaida.

Bei za memori zimepanda sana tangu mwishoni mwa 2025, kwa sababu viwanda vinaelekeza chipu zao kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Usisubiri punguzo la ajabu. Ukipata cha mkono wa pili kilichotunzwa, chukua, kipitishe kwenye MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku mzima. RAM isiyo mbovu haioneshi kosa hata moja. Ikionesha moja, irudishe.

Kuhusu Windows nitasema kwa ufupi. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na i5-6500 haimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11. Hiyo ni sababu moja ya kutotumbukiza pesa nyingi kwenye prosesa hii au soketi yake, yaani kiti chake kwenye ubao mama.

Hapo utapumzika. Fanya kazi, kusanya pesa.

Hatua ya pili ni ile yenye kishindo: ubao mama, prosesa, kasha na pawa saplai, vyote kwa pamoja. Ungekuwa unaanza mikono mitupu, ningekuelekeza kwenye soketi ya AM5 ya AMD. Ilitoka mwaka 2022, na AMD imeahidi kuiendeleza mpaka 2027 na zaidi, kwa hiyo ungebadilisha prosesa huko mbele bila kugusa ubao. Ila AM5 haipokei chochote zaidi ya DDR5, na wewe utakuwa na DDR4 nzuri mkononi wakati memori ni ghali. Kwa hiyo kwako nachagua Core i5-12400 juu ya ubao wa B660 au B760 wa DDR4; majina ya mbao hizo mara nyingi huishia na D4 au DDR4, na hapo soma mara mbili, kwa sababu mbao mbili zenye jina karibu moja huweza kutofautiana hapo tu.

Prosesa hiyo ni ya mwaka 2022, ina viini 6 na nyuzi 12, na sehemu yake ya video inafungua HEVC ya biti 10 bila kutoa jasho, hata ile ya 4:2:2, yenye rangi nyingi zaidi, inayotoka kwenye kamera nyingi za watu wa sherehe. Kwa upande wa NVIDIA uwezo huo wa 4:2:2 ulikuja na kadi za RTX 50 mwaka 2025. Kwa hiyo usiuziwe 12400F eti ni rahisi kidogo. Ile herufi F maana yake michoro ya ndani imezimwa, na hiyo ndiyo tunayoifuata. Soketi yake, LGA1700, haina kizazi kipya kinachokuja, nakubali. Lakini ipo nafasi ya kupanda hadi kizazi cha 14 baadaye kwa bei ya mkono wa pili. Siku ukifanya hivyo sasisha kwanza BIOS, ile programu ya ubao mama inayoiamsha kompyuta: mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikidai volti kupita kiasi na kuharibika, ikatoa marekebisho kwa njia hiyo.

Kasha lisikusumbue akili. Chagua lenye wavu mbele, si kioo, lenye feni moja inayovuta hewa mbele na moja inayotoa nyuma. Matundu ya skrubu yanafuata kipimo cha ATX cha mwaka 1995, kwa hiyo kasha zuri la mtu aliyechoka nalo linakufaa kabisa.

Pawa saplai ndiyo ninayokuomba usiibanie. Wati 550 hadi 650, na ile +12V iwe karibu sawa na wati zote zilizotangazwa. Alama ya 80 Plus inakuambia kiasi gani cha umeme hakipotei kama joto. Haikuambii kama ina kinga ya kutosha siku umeme ukichafuka. Mimi hutazama dhamana. Anayetoa miaka 7 au 10 anajua alichoweka ndani.

Na sasa kisa changu, maana kiliniuma. Niliwahi kubadilisha pawa saplai ya aina ya kebo za kuchomoa. Kebo za zamani nilikuwa nimezilaza vizuri nyuma ya ubao, zimefungwa kwa vibana, zinapendeza. Nikaona uvivu kuzing'oa. Nikachomoa pawa saplai ya zamani, nikachomeka mpya kwenye kebo zilezile. Kila kichwa kiliingia na kikalia "tak" kama kawaida. Nikawasha. Feni zilizunguka robo mzunguko zikasimama, halafu ikaja harufu ile ya plastiki iliyochemka. Diski mbili zikafa pamoja, moja ikiwa na kazi ya mtu. Upande wa diski, kebo zinafuata kipimo kimoja duniani. Upande wa pawa saplai kila mtengenezaji anapanga pini anavyotaka, na hata mtengenezaji mmoja anaweza kubadilisha kati ya toleo na toleo. Volti 12 zangu zilipita mahali pa volti 5. Ukibadilisha pawa saplai, kebo zake zote zinaondoka nayo.

Kujenga kwenyewe hakutishi. Anza nje ya kasha, ubao ukiwa juu ya boksi lake la karatasi: prosesa, feni yake, kijiti kimoja cha RAM, umeme, kioo cha kutazamia. Ukiona ukurasa wa BIOS, ndipo uanze kufunga skrubu. Prosesa ya LGA1700 haina pini. Pini ziko kwenye soketi, nyembamba kama nywele, kwa hiyo usiguse humo hata kwa kitambaa. Linganisha pembetatu ndogo ya kona na ile ya soketi, iache itue kwa uzito wake, kisha teremsha mkono wa chuma. Utakuwa mgumu kuliko ulivyotarajia, na utasikia mlio kama wa kukanyaga changarawe. Ni kawaida, kifuniko cheusi cha plastiki kitaruka chenyewe. Feni inayokuja kwenye boksi la 12400 ina pesti ya joto tayari chini yake, usiongeze nyingine. Ndani ya kasha hesabu vile vinguzo vya shaba vinavyobeba ubao: kimoja kikibaki mahali ambapo ubao hauna tundu, kinagusa njia za umeme kwa nyuma, na utatafuta tatizo wiki nzima.

Kama ubao una nafasi nne za RAM, vijiti viwili vinakaa ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Ukishavipata vile vya 3200 vyote viwili, ingia BIOS uwashe XMP, mpangilio unaovipa mwendo wao uliotangazwa, la sivyo huenda vikatembea kwa mwendo wa chini na hakuna atakayekuambia.

Kadi ya michoro inakuja mwisho, na huenda ukagundua kwamba kwa uhariri hukuihitaji kwa haraka kama ulivyodhani. Kwa gemu utaitaka. Usiipe zaidi ya theluthi ya pesa zote za mradi. Mkono wa pili, RTX 3060 ya GB 12 bado inanipendeza, lakini kuna nyingine yenye jina hilohilo ya GB 8 ambayo ni dhaifu zaidi. Muulize muuzaji, kisha uhakikishe kwa programu, sio kwa boksi. Arc B580 ya Intel nayo ina GB 12 na inaelewana na mashine utakayokuwa nayo, mradi Resizable BAR, mpangilio unaoiruhusu prosesa kuifikia memori yote ya kadi, iwashwe kwenye BIOS; kwenye mashine yako ya sasa ingekuwa hasara tupu. RX 6500 XT ipite mbali: haina kabisa sehemu ya kutengenezea video za H.264 wala HEVC, kwa mhariri kama wewe ni mbuzi kwenye gunia. Ya mkono wa pili yoyote, omba uione ikicheza gemu zito dakika 20 mbele yako. Dakika mbili hazitoshi. Kadi mbovu huvumilia dakika mbili.

Ukishaichomeka, waya wa kioo uende kwenye kadi, si kwenye ubao mama. Unacheka, lakini nimepigiwa simu nyingi kwa jambo hilo. Kisha rudi BIOS uhakikishe michoro ya ndani ya prosesa haijazimika, kwa sababu mbao nyingi huizima zenyewe zikiona kadi, na wewe uliinunua kwa ajili ya video. Jina la mpangilio huo linatofautiana, ila hukaa karibu na palipoandikwa habari za kioo zaidi ya kimoja.

Kwa sasa fungua huo ubavu, uniandikie ampea ulizoziona kwenye +12V na kama M.2 ipo.